"Wewe ndiye mtu wetu Nairobi": jinsi ya kusajili kampuni ya kigeni kwa ushuru wa faida

Simu inaingia Jumatatu asubuhi. Anayepiga yuko Lagos. Mmefanya naye biashara ya vitambaa miaka mitatu na hamjawahi kukosana. Leo ana habari njema: kampuni yake inafungua duka Westlands na stoo ndogo mjini, Biashara Street. "Wewe ndiye mtu wetu Nairobi," anakuambia. "Kwa sasa wateja walipe kwa laini yako, halafu utatutumia. Mambo ya makaratasi tutayaweka sawa baadaye."

Ni heshima kuaminiwa hivyo. Lakini hapo kwenye "kwa sasa" ndipo shida huanzia. Somo la leo ni la mtu aliyepokea simu kama hiyo. Tutaona jinsi kampuni ya kigeni inavyosajiliwa hapa Kenya ili ilipe ushuru wa faida yake, na wewe uliye katikati unavyojilinda. Viwango tutakavyotaja ni vya sheria ilivyokuwa baada ya Sheria ya Fedha ya 2025. Sheria za ushuru hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo cheki tena kabla ya kulipa.

Pesa ya kampuni isipite kwa laini yako

Taarifa ya laini yako haijui mambo ya urafiki. Inaonyesha tu kwamba milioni mbili ziliingia kwa jina lako na milioni mbili zikatoka. Mamlaka ya Ushuru (KRA) ikiuliza pesa hizo ni za nani, ni wewe utakayetafuta majibu, si yule aliye Lagos.

Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtambua mtu anayesimamia shughuli za kampuni ya nje hapa Kenya, akiwemo meneja wa biashara yake, kuwa mwakilishi wake wa ushuru. Wajibu wa kufaili na kulipa unamhusu. Tena, kama pesa za kampuni zilikuwa mikononi mwake, na ushuru unadaiwa, kisha akazitoa pesa hizo badala ya kulipa ushuru, anaweza kudaiwa yeye binafsi.

Soma hapo mara ya pili. Ukiwa mtu wao Nairobi na ukatuma kila kitu Lagos kabla KRA haijalipwa, hutajitetea kwa kusema "mimi nilikuwa napokea tu."

Kwa hiyo jibu la simu ile ni hili: "Nitafurahi kuwa mtu wenu. Lakini tusajili kwanza, halafu tufungue till kwa jina la kampuni."

Je, kampuni inatakiwa kulipa ushuru wa faida Kenya?

Swali la kuanzia si kama kampuni ni ya kigeni. Swali ni kama ina makao ya kudumu ya biashara hapa. Sheria ya Ushuru wa Mapato inaangalia mambo kadhaa. Matatu yanayowapata wengi ni haya:

- Mahali maalum pa kufanyia biashara: duka, ofisi, karakana, kiwanda. Duka la Westlands linaingia hapa moja kwa moja.
- Kazi ya ujenzi au ufungaji wa mitambo inayozidi siku 183.
- Huduma, kama vile ushauri, zinazotolewa na wafanyakazi wa kampuni hapa Kenya kwa zaidi ya siku 91 katika miezi 12 yoyote. Siku huhesabiwa kwa jumla hata kama watu walikuja na kurudi.

Na kama kampuni haina duka wala mtu hapa, inauza tu huduma kwa Wakenya kupitia intaneti? Basi njia yake ni nyingine. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kuna ushuru wa kampuni za nje zenye shughuli kubwa za kiuchumi nchini, uliochukua nafasi ya ule wa huduma za kidijitali wa asilimia 1.5. Asilimia 10 ya mauzo huchukuliwa kuwa faida, na faida hiyo hutozwa asilimia 30. Ukiuza huduma za shilingi 1,000,000, faida inayohesabiwa ni 100,000 na ushuru ni 30,000. Hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Sisi tuendelee na duka letu la vitambaa.

Tawi au kampuni tanzu?

Hapa ndipo Lagos inatakiwa kuamua, na uamuzi uje kabla ya fomu yoyote.

Tawi ni kampuni ileile ya Lagos, imesajiliwa kufanya kazi Kenya. Tawi likishindwa kulipa madeni, anayedaiwa ni kampuni ya Lagos yenyewe. Kampuni tanzu ni kampuni mpya ya Kenya ambayo hisa zake zinamilikiwa na kampuni ya Lagos. Ina madeni yake na mali yake.

Zamani tofauti ya ushuru ilikuwa kubwa: tawi lilitozwa asilimia 37.5 ya faida, kampuni ya Kenya asilimia 30. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 zote mbili ni asilimia 30. Lakini Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoleta mabadiliko hayo, iliongeza kwa matawi ushuru wa asilimia 15 juu ya faida inayopelekwa nyumbani. Kwa upande wa kampuni tanzu, gawio linalolipwa kwa mwenye hisa aliye nje hukatwa asilimia 15. Kwa hiyo mlango umebadilika, lakini nyumba ni ileile.

Kampuni tanzu ikiwa ndogo, angalia jambo moja zaidi. Mkazi wa Kenya mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye ushuru wa mauzo, ule unaoitwa TOT, wa asilimia 3 ya mauzo yote, isipokuwa amuandikie Kamishna kwamba anataka kulipa kwa faida. Tawi la kampuni isiyo mkazi haliingii kwenye mpango huo.

Milango miwili: Msajili kwanza, KRA baadaye

Wengi hupata cheti cha Msajili wa Kampuni wakadhani wamemaliza. Cheti kile ni ruhusa ya kufanya biashara kwa jina hilo. Ushuru una mlango wake.

*Mlango wa kwanza: Msajili wa Kampuni.* Sheria ya Kampuni ya 2015 inakataza kampuni ya kigeni kufanya biashara Kenya kabla ya kusajiliwa au kuomba kusajiliwa. Wazee wa biashara bado husema "nenda Sheria House," pale Harambee Avenue, lakini siku hizi maombi hupitia eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS). Kwa tawi, tayarisha:

- nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kuundwa kwa kampuni huko nyumbani
- nakala iliyothibitishwa ya katiba ya kampuni
- orodha ya wakurugenzi na maelezo yao
- anwani ya kampuni huko kwao na anwani yake hapa Kenya
- jina na maelezo ya mwakilishi anayeishi Kenya, pamoja na barua ya kumteua.

Mwakilishi huyo ni lazima awepo angalau mmoja. Pengine ni wewe. Isome barua ya kuteuliwa kabla ya kutia sahihi: inakupa mamlaka gani? Unaweza kulipa ushuru bila kungoja ruhusa ya Lagos? Kama huwezi, omba ibadilishwe.

*Mlango wa pili: PIN ya KRA.* Tawi linaomba PIN yake kwenye iTax, upande wa wasio watu binafsi. Hapo ndipo unapochagua majukumu ya ushuru. Chagua yale yanayokuhusu kweli:

- Ushuru wa mapato ya kampuni: huu ndio ushuru wa faida, na ndio kiini cha somo hili.
- VAT: kama mauzo yanayotozwa VAT yatafika shilingi milioni 5 kwa mwaka.
- PAYE: kama kutakuwa na wafanyakazi wa kulipwa mshahara.

Ukiacha jukumu linalokuhusu, deni linakua bila wewe kujua. Ukijaza usilolihitaji, utadaiwa ritani kila mwezi hata kama hakuna biashara, na usipofaili kuna faini.

Na kitu kidogo kinachosumbua sana: barua pepe na namba ya simu kwenye iTax. Mara nyingi fomu hujazwa kwenye cyber au na wakala, na inayowekwa ni barua pepe yake. Wakala akihama, nywila imepotea na ilani za KRA zinaenda kwa mtu asiyejali. Tumia barua pepe ya kampuni, na namba ambayo haitatoka kampuni ikibadilisha meneja. Ukikwama, kuna usaidizi Times Tower, Haile Selassie Avenue, na pia Huduma Centre ya GPO, Kenyatta Avenue.

Ukishapata cheti na PIN ya kampuni, sasa fungua akaunti ya benki na uombe till au paybill. Karatasi zinazoombwa kwa kawaida ni hizohizo: cheti cha usajili, PIN ya kampuni na vitambulisho vya wanaotia sahihi.

Hesabu ya mwaka wa kwanza

Tuchukue mfano. Duka la Westlands limeuza vitambaa vya shilingi 30,000,000 kwa mwaka, bila kuhesabu VAT. Gharama zote ni 27,000,000. Ndani ya gharama hizo kuna:

- 1,000,000 iliyopelekwa Lagos kama ada ya usimamizi
- 500,000 iliyolipwa mafundi na wasafirishaji ambao hawakutoa ankara ya eTIMS.

Kwenye daftari, faida ni 3,000,000. KRA haitaishia hapo.

*Kama ni tawi.* Ada ya usimamizi ambayo tawi linalipa kampuni yake mama haikubaliwi kama gharama, kwa sababu ni sawa na kutoa pesa mfuko wa kulia na kuitia wa kushoto. Na tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama inayotakiwa kuwa na ankara ya eTIMS haikubaliwi bila ankara hiyo. Kwa hiyo tunarudisha 1,000,000 na 500,000. Faida ya kutozwa ushuru ni 4,500,000. Asilimia 30 yake ni 1,350,000.

Halafu ile ya faida inayopelekwa nyumbani. Kwa ufupi, unachukua faida ya daftari, unatoa ushuru, kisha unaangalia mali halisi ya tawi mwanzo na mwisho wa mwaka. Kama mali haikuongezeka, inachukuliwa kwamba faida yote imeondoka. Hapa ni 3,000,000 kutoa 1,350,000, yaani 1,650,000. Asilimia 15 ni 247,500. Jumla ya tawi: 1,597,500.

*Kama ni kampuni tanzu* inayolipa ushuru kwa faida. Ada ya usimamizi inakubaliwa ikiwa huduma ilitolewa kweli na bei ni ya haki, lakini wakati wa kuilipa unakata asilimia 20 na kuipeleka KRA: 200,000. Faida ya kutozwa ushuru ni 3,500,000, na asilimia 30 yake ni 1,050,000. Faida iliyobaki, 1,950,000, ikitumwa yote kama gawio, inakatwa asilimia 15: 292,500. Jumla: 1,542,500.

Tofauti ya tawi na kampuni tanzu katika mfano huu ni shilingi 55,000 tu.

Sasa rudia hesabu, lakini safari hii zile 500,000 ziwe na ankara za eTIMS. Tawi linashuka hadi 1,470,000. Kampuni tanzu inashuka hadi 1,415,000. Kila moja imeokoa 127,500, zaidi ya mara mbili ya tofauti iliyopo kati yao. Watu hukaa vikao wiki nzima wakibishana "tawi au tanzu", na wakati huohuo fundi wa rafu analipwa bila ankara. Ubishi ni halali, kwa sababu unahusu nani atabeba madeni. Lakini kwenye ushuru, nidhamu ya kila siku pale dukani ilikuwa na uzito zaidi.

Ona pia kwamba taarifa ya till inaonyesha mauzo, haionyeshi faida. Milioni 30 zilipita kwenye till. Kinachokuokoa usitozwe ushuru kana kwamba zote ni faida ni karatasi za milioni 27 nyingine: ankara za eTIMS, hati za forodha za mizigo, mikataba ya kodi ya duka, orodha za mishahara.

Tahadhari moja: Kenya ina mikataba ya ushuru na nchi kama Uingereza, India na Afrika Kusini, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana viwango vyao kwenye baadhi ya malipo. Kama kampuni mama inatoka huko, asilimia 20 na 15 tulizotumia zinaweza kubadilika. Muulize mhasibu kabla ya kutuma.

Tarehe za kuandika ukutani

Kama mwaka wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba:

- 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba: awamu nne za ushuru wa mwaka unaoendelea, robo kila moja.
- 30 Aprili ya mwaka unaofuata: salio lililobaki.
- 30 Juni ya mwaka unaofuata: mwisho wa kufaili ritani.
- Kila tarehe 9: PAYE ya mwezi uliopita.
- Kila tarehe 20: VAT ya mwezi uliopita.

Kampuni ikichelewa kufaili, faini ni asilimia 5 ya ushuru au shilingi 20,000, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo hata duka ambalo halijauza kitu linaweza kudaiwa 20,000 kwa sababu ya kunyamaza tu. Kuchelewa kulipa kuna asilimia 5 yake, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa ule ushuru wa 1,350,000, riba peke yake ni 13,500 kwa mwezi, karibu pesa ya kulipa mtu wa kusafisha duka.

Kulipa kwa simu

Ingia iTax, tengeneza hati ya malipo, upate namba ya PRN. Kwenye menyu ya paybill weka 222222, na kwenye namba ya akaunti weka ile PRN. Hakiki kiasi kabla ya kuweka PIN yako ya siri, na ukishalipa hifadhi ujumbe wa uthibitisho pamoja na hati. Ukikosea PRN, pesa zinaweza kuangukia ushuru mwingine na kuzirudisha ni safari ndefu.

Panga mapema kwa malipo makubwa. Tangu Agosti 2023 laini ya kawaida ya M-Pesa inaruhusu hadi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Awamu moja ya mfano wetu wa tawi ni 337,500, kwa hiyo haitapita kwa muamala mmoja wa laini hiyo. Peleka PRN ileile benki, na usingoje tarehe 20 saa kumi na moja jioni.

Ushauri wetu kwa mwakilishi: kila Ijumaa, kabla ya kutuma pesa yoyote Lagos, hamisha sehemu ya ushuru kwenye akaunti ya kando ya kampuni. Isiguswe kwa mambo ya stoki. Boss akikupigia akitaka zote, mwambie kwa upole kwamba hizo si zake wala zako.

Jipime

1. Kampuni ina cheti cha Msajili wa Kampuni. Je, imesajiliwa kwa ushuru wa faida? *Bado. Inahitaji PIN yake ya KRA yenye jukumu la ushuru wa mapato ya kampuni.*
2. Wahandisi wa kampuni ya nje walishauri hoteli ya Kilimani siku 50 mwezi wa Februari na Machi, kisha siku 45 mwezi wa Septemba na Oktoba. Je, wanahusika? *Ndiyo. Jumla ni siku 95 ndani ya miezi 12, zimepita 91.*
3. Duka lilisajiliwa Novemba na halijauza chochote. Je, linafaili ritani? *Ndiyo, hata kama ni ya sufuri.*
4. Lagos wanataka pesa zote za Desemba kabla ya salio la ushuru kulipwa. Unafanya nini? *Unaweka kando ya KRA kwanza. Ukizituma zote, deni linaweza kukugeukia wewe.*

Sasa mpigie simu yule rafiki wa Lagos. Mwambie duka la Westlands litafunguliwa na till itakuwa tayari, ila siku ya kwanza itasoma jina la kampuni, si lako.